Rovu la Mama na Mdomo wa Mtani

Mama yangu alikuwa na rovu shingoni tangu usichana wake, nami nililizoea kama nilivyoizoea pua yake. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwenye vijiji vya mlimani ambako wanawake wengi walikuwa nalo na hakuna aliyelionea haya. Lilikuwa laini, limekaa katikati ya shingo, na watu walilisifu. Walisema ni shingo ya mwanamke aliyeshiba. Baba yangu, mvuvi wa Nchelenge, upande wetu wa Zambia, alisema alimwoa kwa ajili ya shingo ile, kisha akacheka peke yake kama ilivyo kawaida yake.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba hatukuwa watu wa kushtuka tukiona uvimbe. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia kinundu kipya kilipoota upande wa kushoto wa lile rovu la zamani, kigumu kama kokwa la chikichi, wala hakuna aliyekijali. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka nywele, kwa hiyo mimi ndiye niliyekigusa kwanza. Nilikibonyeza kwa kidole, hakikubonyea. Mama akanipiga mkono, akaniambia nishughulike na nywele.

Wa pili kukigusa alikuwa muuguzi wa hospitali, jirani yetu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameisomea kazi yake na aliijua. Balaa ni kwamba alikuwa mtani wetu.

Wasioishi na utani hudhani ni mchezo wa maneno. Kwetu ni sheria. Koo za kando ya Mweru, upande huu na ule, zina watani wao, ambao Wabemba huwaita abanungwe. Mama alikuwa wa ukoo wa Samaki. Muuguzi alikuwa wa ukoo wa Mamba, na mamba hula samaki, basi. Mtani akiingia kwako anaweza kubeba sufuria pamoja na mboga iliyomo na usimdai. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukwambia kwamba utakufa kesho na kitenge chako atakivaa yeye. Wewe una jambo moja tu la kufanya, nalo ni kucheka na kumrudishia kali zaidi. Anayenuna ndiye mwenye aibu. Na neno la mtani halihesabiwi kuwa neno. Likishatoka kinywani limekwisha, hakuna anayelibeba kwenda nalo nyumbani kulifikiria.

Msibani ndipo kazi yao hasa. Watani ndio wanaochimba kaburi, na kabla jeneza halijashuka wanalala njiani wakalizuia, wanamwigiza marehemu alivyotembea na alivyokopa, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mume wa muuguzi alipofariki, mama yangu alikwenda kuazima joho jeupe la wauguzi, akaja nalo makaburini ameshika kijiti kama sindano, akawafukuza waombolezaji akisema kila mtu atadungwa makalioni mpaka marehemu arudi. Yule mjane alicheka akaanguka chini. Baadaye alimwambia mama kwamba bila kicheko kile asingeweza kuondoka kaburini kwa miguu yake. Mimi mwenyewe niliona. Siwezi kusema kwamba utani haukuwa na maana, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama alikuwa akifanya biashara ya chisense, dagaa wadogo wa ziwa letu, ambao tunawaanika mchangani wakauke halafu tunawauzia Wakongo na watu wa mjini. Sauti yake ndiyo ilikuwa mizani yake na mlango wa duka lake. Akiita mteja ufukweni, walioko kwenye mitumbwi walisikia. Siku ile tulikuwa tunageuza chisense, wanawake wengi, jua likiwa limekaza, muuguzi akapita akitoka kazini, akachota kiganja cha samaki wetu bila salamu, akawatafuna. Kisha akaangalia shingo ya mama.

"Weye Samaki," akasema, "iyi kitu mu shingo yako ni nini? Ulimeza jiwe?"

"Ni yayi ya mamba," mama akajibu palepale. "Niliikutaka mu muchanga, nikaimeza. Bana bako bote beko humu ndani."

Wanawake waliangua kicheko. Lilikuwa jibu zuri, lazima niseme hivyo. Mamba hutaga mchangani, na samaki kumla mamba angali yaini ni kisasi ambacho ukoo wetu ulikuwa unakitafuta tangu babu wa babu. Kuanzia siku ile kinundu kikawa na jina. Ufukwe mzima ulikiita yai la mamba.

Lakini muuguzi hakucheka. Alisogea, akaweka vidole vyake shingoni mwa mama, akamwambia ameze mate. Akavihamisha, akamwambia ameze tena. Akapapasa kando ya shingo, chini ya sikio.

"Sicheki, Samaki," akasema. "Iyi kitu ni ngumu sana. Rovu ya zamani haikuwa hivi. Ilianza lini? Inaweza kuwa kansa. Kuya ku hospitali, munganga akuone."

Basi hapo ndipo wanawake walipocheka hasa. Mmoja alikaa chini kabisa. Maana mtani bora ni yule ambaye hacheki. Mtani anayecheka mwenyewe anaharibu. Anayekwambia kifo chako huku uso umekauka, huyo ndiye fundi. Muuguzi alisimama pale na uso wake mkavu, na kadiri alivyozidi kusisitiza ndivyo alivyozidi kuchekesha. Mama akamrushia chisense mgongoni alipoondoka, akamwita muzishi, mchimba kaburi.

Niliacha kucheka mapema kuliko wengine, lakini kuacha kucheka si dawa.

Miezi ikapita. Yai la mamba likakua. Sauti ya mama ikaanza kukwaruza, kwanza asubuhi tu, halafu mchana kutwa. Tulisema ni moshi, kwa sababu wakati wa mvua tulikuwa tunakausha samaki juu ya moto, na kila mwanamke wa ufukweni hukohoa msimu ule. Baba alisema sasa angalau anaweza kusikia mawimbi. Mvua zikaisha, moshi ukaisha, sauti haikurudi. Akawa anaita wateja kwa kupiga makofi.

Muuguzi hakuchoka, hilo nampa. Alimtuma mfanyakazi mwenzake, mwanamume wa ukoo mwingine kabisa, aje amweleze mama kwa heshima. Mama alimsikiliza, akamkaribisha chai, akamwuliza, "Mamba alikupatia nini juu ya kuya huku?" Mtu wa watu akaona aibu, akanywa chai, akaenda zake. Hata akimtuma padri, ujumbe ungenuka mamba.

Basi akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unaniuma na mdomo unataka kutabasamu, vyote pamoja. Alitumia haki yake. Mtani anaweza kuchukua kitu chako bila kuomba. Basi alikuja kumchukua mama mwenyewe. Alifika gatini mchana, soko limejaa, Wakongo wanapakia magunia yao, akiwa na wanaume wa ukoo wake na toroli ya kubebea samaki. Wakamnyanyua mama wakamweka ndani ya toroli, miguu inaning'inia nje.

"Nimevua!" muuguzi akapiga kelele. "Nimevua samaki mukubwa! Mutu asiguse, ni wangu!"

Mama alipiga mateke na kucheka mpaka machozi. Asingeweza kukataa, anayekataa amenuna, na anayenuna ameshindwa. Umati ukafuata toroli ukiimba mpaka hospitali. Baba alikuwa mbele akicheza. Mimi nilikuwa nyuma ya toroli nikisukuma, na nilikuwa nasukuma kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilimwelewa muuguzi na nilijua tunakwenda wapi.

Hospitalini daktari alikuwa mzungu asiyejua Kibemba wala Kiswahili. Alimpapasa mama shingo, akaandika, akaagiza atolewe damu ipelekwe mbali kupimwa, kwa sababu kwetu kipimo kile hakikuwepo. Alisema wanataka kujua kiwango cha homoni za ile tezi ya shingo, iliyo chini ya koo, inayouambia mwili uende haraka au polepole. Muuguzi ndiye aliyeshika sindano. Mama akawatangazia wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi: "Muangalie! Mamba anakunywa damu yangu mukiona!"

Majibu yalikawia. Yalipofika, tuliitwa, na safari hii mjomba naye alikuja, kaka yake mama, ambaye alikuwa na kambi ya uvuvi kisiwani Chisenga. Kwa mila yetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwili wa mama haukuwa wa baba kuuamulia, wala wangu. Ulikuwa wa mjomba. Alikaa kwenye kiti cha hospitali amevaa koti la suti juu ya kaptula ya kuvulia, miguu ina magamba ya samaki, na sisi tukakaa nyuma yake.

Daktari alisema kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nimefika sekondari kabla sijaolewa na nilimfuata. Alisema homoni ziko kawaida. Akasema hiyo ni habari nzuri lakini si habari yote, kwa maana homoni zinaonyesha tu kwamba tezi inafanya kazi yake, hazionyeshi kinundu ni kitu gani. Vinundu vingi vya shingo si saratani, akasema, vingi sana havina madhara. Lakini hiki ni kigumu, kimekua, sauti imebadilika, na mama si kijana. Kwa hiyo hatari ipo, na anataka kuingiza sindano nyembamba ndani ya kinundu, avute chembe kidogo, zikapimwe Copperbelt, mkoa wa migodi. Ikiwa ni saratani, tezi itolewe mapema.

Yote haya yalikuwa maneno mazuri, yamepangika. Kisha muuguzi akafungua mdomo kuyatafsiri, na yakawa maneno ya mamba.

Alijua. Niliona kwamba alijua. Alimgeukia mjomba kwanza, akapiga magoti kidogo kama anavyosalimiwa mkubwa, akapiga makofi ya heshima, akamwita mjomba kwa Kibemba, akasema, "Ba yama, leo niko hapa sawa muuguzi. Utani nimeuacha inje ya mulango."

Mjomba aliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika wodini. "Mamba ameacha meno yake inje!" akasema. "Bote muko hapa, musogee, ameacha meno!"

Muuguzi akatafsiri hata hivyo. Alitafsiri vizuri, neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza. Alipofika kwenye homoni akaona uso wa mama haujaelewa, akatafuta mfano. "Ni sawa mashua yako, ba yama. Mashini inaweza kulia muzuri, inakimbia, haina shida. Lakini chini ya mashua kuko tundu. Mashini haikuambie kama kuko tundu."

"Sasa niko mashua!" mama akasema kwa ile sauti yake iliyokatika. "Juzi nilikuwa samaki, leo niko mashua. Kesho atanipanda."

Na muuguzi alipotamka neno kansa, mama na mjomba walishikana mabega wakicheka. Daktari aliangalia huku na huku. Alikuwa amemwambia mwanamke kwamba huenda ana ugonjwa wa kumwua, na yule mwanamke alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. Akamwuliza muuguzi kama ametafsiri sawasawa. Muuguzi akasema ametafsiri.

Nikasema, "Mama, ni kweli. Nimemusikia miye na masikio yangu. Munganga mwenyewe amesema."

Mjomba aliacha kucheka papo hapo. Akanigeukia akaniuliza tangu lini mtoto anatangaza kifo cha mama yake mbele ya watu. Mtani anaruhusiwa, mtoto haruhusiwi. Kwa mtani ni mchezo. Kwa mtoto ni laana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: aliyeruhusiwa kusema hakuaminiwa, na aliyeweza kuaminiwa hakuruhusiwa kusema. Nimelizungusha jambo hilo kichwani kwa miaka na sijaona mahali pa kulishikia.

Mjomba ndiye aliyetoa hukumu. Damu ilikwenda ikarudi, iko safi, imepimwa na mashine za mjini. Kitu kilicholala hakichomwi sindano, ukikichoma kinaamka. Akamwambia daktari asante, kwa Kiingereza chake cha sokoni, akasimama.

Siku ile nyumbani kulikuwa na sherehe. Sitanii. Mama alipika kuku na bukari, ule ugali wetu wa muhogo, akamwita muuguzi mwenyewe aje ale, kwa sababu aliyeshindwa lazima aje ale mbele ya aliyemshinda. Alicheza uani ameinua shingo juu ili yai la mamba lionekane vizuri. "Alikunywa damu yangu," aliimba, "akaikuta tamu, hakupata kitu!" Majirani walipiga vigelegele. Samaki amemshinda Mamba, na ushahidi umetoka maabara. Muuguzi alikaa kwenye mkeka na bakuli lake, hakula. Watu walisema amenuna, na kweli ilikuwa mara ya kwanza kwa mtani yeyote kununa kwetu. Waliona ni ushindi mkubwa ajabu.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ningependa kujua kwa nini wahenga hao hao walituachia utani bila kutuachia namna ya kuuzima.

Baada ya hapo muuguzi alipokuja, maneno yake yalikuwa ya mshinde asiyekubali. Hakuwa na njia tena. Damu yenyewe ilikuwa imemkanusha.

Kwanza vilitokea vivimbe vingine vidogo kando ya shingo, vimejipanga chini ya sikio. Vifaranga vya mamba, baba akasema. Kisha nyonga ya mama ikaanza kumuuma, akaacha kwenda Mununga kununua samaki, akisema barabara imekuwa mbaya. Kisha bukari likaanza kumkwama. Alikuwa akifinya tonge dogo kama la mtoto, akalichovya kwenye mchuzi mpaka linayeyuka, na bado alilimeza kwa kunyoosha shingo na kufumba macho. Tukabadilisha tukampa uji. Akilala chali alitoa mlio wa filimbi. Sauti ikabaki mnong'ono. Hakuna aliyemchekesha tena, kwa sababu akicheka alikosa hewa.

Sikumsubiri mjomba. Niliuza chisense wote, nikampakia mama kwenye lori la samaki, tukaenda Kitwe, mji wa Copperbelt, yeye ameegemea magunia na mimi nimeegemewa na yeye. Kule walimchoma ile sindano nyembamba. Ilichukua muda mfupi kuliko kumtoa mtu funza mguuni. Hakulia hata. Aliniangalia kama mtu anayeuliza, ni hii tu?

Ilikuwa saratani ya ile tezi. Ilikuwa imeshalizunguka koromeo na imeshaingia kwenye mfupa wa nyonga. Daktari wa kule alikuwa Mzambia, alizungumza nami Kibemba, polepole. Alisema ningemleta mapema wangeitoa tezi yote, na wengi wa namna hii huishi miaka mingi. Sasa wangeweza kumpa dawa ya maumivu. Akafungua karatasi zake, na sijui kwa nini aliona ni lazima aniambie hili pia: walikuwa wamempima damu upya. Homoni zilikuwa bado ziko kawaida.

Nilimchukia sana wakati ule, na hakuwa na kosa lolote.

Tulirudi Nchelenge. Nilimweleza baba, akasema hospitali za mjini hupenda kutisha watu. Nilimtumia mjomba ujumbe Chisenga, akaja, akamwona, akakaa nje kwenye kigogo ameshika kichwa. Hakusema neno juu ya damu safi. Wala mimi sikumkumbusha. Ningemkumbusha ningemtukana, na mjomba hatukanwi.

Muuguzi alikuja kila siku. Alimgeuza mama kitandani, akampa dawa, akamfuta. Mama alikuwa hawezi tena kuinua kichwa, lakini siku moja alimwita kwa kidole, muuguzi akainama, na mimi niliyekuwa nimeshika kikombe nikasikia.

"Mamba," mama akanong'ona. "Yayi yako inapasuka."

Akasubiri. Alikuwa anasubiri jibu. Macho yake yalikuwa yamechangamka kama zamani mchangani, alikuwa ametoa pigo zuri na anangoja lirudishwe, ndiyo adabu yenyewe. Muuguzi akaweka kitambaa chini, akatoka nje, nikamsikia akilia nyuma ya jiko. Mama alinitazama akiwa ameudhika kweli.

"Amekuwa muzembe," akasema.

Nilimfuata muuguzi nje. Nilikuwa na hasira ambayo ilikuwa inatafuta mtu, na mjomba na baba hawakuwa watu ninaoweza kuwashika. Nikamwuliza kwa nini hakupiga kelele, kwa nini hakumshika mama kwa nguvu akamfunga kamba, kwa nini aliuacha utani wake uharibu kila kitu alichokijua.

"Ningesema na mudomo gani, mutoto wangu?" akaniuliza. "Niko na mumoja tu."

Mama alifariki asubuhi, watu wakiwa wanatoka kwenda ziwani. Sitaandika alivyofariki. Mtu anayekosa hewa hafi vizuri, na inatosha.

Ukoo wa Mamba walikuja kuchimba kaburi, kama inavyowapasa. Waliulaza mti njiani wakalizuia jeneza, wakadai samaki wao awasalimie kwanza. Mmoja wao alijifunga kitenge akapiga makofi kuita wateja wasioonekana, kama alivyokuwa akifanya mama sauti ilipokatika, na wanawake wa ufukweni wakacheka wakilia. Alimpatia kweli, hata mabega. Wengine nyuma yangu walikuwa wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Nilitaka kugeuka niwaambie kwamba sikio la mama lilisikia vizuri sana, lilisikia kila neno, na wao walikuwepo.

Halafu watu wote wakaanza kumtafuta muuguzi. Yeye ndiye mtani mkubwa. Mama alikuwa amemchezea vizuri kwenye msiba wa mumewe, sasa ilikuwa zamu yake kulipa, na kila mtu alijua kwamba atakuja na kitu kikali.

Alikuja amevaa joho lake jeupe la kazi. Alikuwa ametoka zamu, hakupata nafasi ya kubadilisha. Walipomwona na joho lile walikumbuka lile la kuazima, wakaanza kucheka kabla hajafika. Akasimama kwenye ukingo wa kaburi. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Nilimuambiaka," akasema. "Nilisemaka ni kansa. Nilisemaka bamuchome sindano, batoe ile kitu. Mulikuwa pale bote. Mulicheka. Juu ya nini mulicheka?"

Kicheko kilipanda kutoka mbele mpaka nyuma, mpaka kwa watoto waliokuwa juu ya kichuguu. Wanawake walishikana. Mjomba aliinamisha kichwa, mabega yake yanatikisika, na sikujua yanatikisika kwa lipi.

"Musicheke!" muuguzi akapiga kelele. "Alikuwa wa kupona! Angepona!" Na akaanza kulia, kulia kabisa, kamasi na machozi, akapiga magoti kwenye udongo mwekundu na joho lake jeupe. Mtani kumlilia mtani wake kwa namna ile, hakuna aliyewahi kuona mchezo uliochezwa mpaka hapo. Walipiga makofi. Kuna mwanamke aliyempigia kigelegele.

Mimi peke yangu nilikwenda kumnyanyua. Alikuwa mzito na hakutaka kunyanyuka. Tukabaki hivyo hivyo mpaka jeneza lilipokwisha kushushwa, watu wa ukoo wake wakachukua majembe.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani baba alitembea kando yangu, anajifuta macho kwa mkono wa shati. Alikuwa amelia na alikuwa amecheka, kama msiba unavyotakiwa uwe, na uso wake ulikuwa umetulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile.

"Ule Mamba anajua utani," akaniambia. "Mama yako angecheka sana."